Msiba wa Mgambo

Esteria hakuwa mwanamke wa kulia ovyo. Majirani zake pale kando ya barabara ya Makambako, nje kidogo ya mji wa Njombe, walimjua kwa ukavu wa macho. Kwenye misiba ya watu yeye ndiye aliyesonga ugali wa waombolezaji, akakemea wanaopoteza kuni, kisha akarudi kwake na sauti yake nzima. Ndiyo maana asubuhi ile ya ukungu, walipomwona ametoka ghalani mwake mikono yote miwili kichwani, anapiga yowe, hawakuuliza mara mbili. Kwao mwanamke hashiki kichwa kwa mchezo. Mama akimkuta binti yake kaweka mikono kichwani humchapa kibao, kwa kuwa huo ni mkao wa msiba, na msiba hauitwi.

Aliyekufa alikuwa paka.

Alikuwa dume la kijivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi, jina lake Mgambo. Jina hilo alipewa na Yohanes, mume wa Esteria, kwa jinsi alivyolinda ghala la mahindi. Kila panya aliyemkamata alimleta mlangoni pa jiko kama mtuhumiwa anayefikishwa kwa mtendaji wa kijiji. Lakini baada ya mavuno kila nyumba hutega sumu, na Mgambo alikula panya aliyekwisha kula sumu ya watu. Esteria alimkuta kando ya magunia, amekauka, povu mdomoni.

Tuseme kweli, alimpenda paka yule kuliko inavyosemeka mbele za watu. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Yohanes ni dereva wa lori la mbao, na dereva kwake ni mgeni. Aliyebaki ndani ni mama mkwe, Bibi Feliciana, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili: ugali wa Esteria kwake ulikuwa ama mbichi ama jiwe. Bibi akishakwenda kulala, Esteria alikaa jikoni, Mgambo mapajani, akamweleza yote ya siku, na Mgambo hakuwahi kumjibu vibaya. Kisha bibi akaugua, akapelekwa hospitali huko Ikonda, upande wa Makete. Yohanes aliomba ruhusa kazini akaenda kumuuguza. Esteria alisema atafuata. Wiki zikapita, hakufuata. Nyumba haina mtu, alisema, na paka nani atamlisha?

Sasa Mama Irine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifika mbio kabla ya wote, akamkumbatia.

"Ni mama?" aliuliza. "Esteria, ni mama wa Ikonda?"

Koo lilikuwa limemziba, lakini kichwa kilikuwa chake, angeweza kukitikisa. Hakukitikisa. Alimwangukia Mama Irine kifuani akalia zaidi, na kilio kile kikahesabiwa kuwa jibu.

Alipopata sauti, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja na unga kwenye ndoo na mizigo ya kuni, wengine wamebeba lile sufuria kubwa la misiba. Wanaume waliwasha moto, wakapanga viti. Esteria alikalishwa kwenye mkeka, akafunikwa kitenge mabegani. Mzee Faustine, mwenyekiti wa jumuiya, akavua kofia, akaanzisha rozari ya kumwombea marehemu Feliciana.

Na Esteria akaitikia. Mama wa watu yu hai kitandani, mkwewe amekaa mkekani anamwombea pumziko la milele, kwa sababu tu anaona haya kusema neno paka. Jasho lilimtoka katika baridi ile inayowafanya wengine wavae makoti mawili. Kila sala ilipokwisha alijiambia, sasa nasema. Mara moja alifungua kinywa kabisa, lakini Mama Irine akamtangulia.

"Jamani," aliwaambia wenzake huku akifuta machozi, "na sisi tulivyokuwa tukimsema huyu dada kuwa hampendi mama mkwe wake! Mungu atusamehe."

Wanawake wakainamisha vichwa. Esteria akafunga kinywa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakutuachia neno juu ya mtu anayejificha ndani ya kilio chenyewe.

Mzee Faustine alikuwa mtu wa kutimiza wajibu. Alimpigia Yohanes, simu haikupokelewa. Akampigia Brayson, mdogo wake Yohanes, mwenye biashara ya mbao Makambako. Brayson alilia kwa sauti, wote wakamsikia, maana mzee alikuwa na masikio mazito na simu yake aliiweka spika daima. Kisha mtoto wa watu akajikaza, akasema anakwenda kuchagua mbao za jeneza kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake hatazikwa kwenye mbao za mabaki.

Hapo Esteria akajiinua mkekani. Kitenge kikamdondoka mabegani.

"Baba mwenyekiti," alisema, "mwambie asipasue mbao."

"Kwa nini, mama?"

"Mama hajafa." Alitazama mkeka. "Ni paka. Mgambo amekufa. Mimi nilikuwa namlilia paka."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichekecha unga alisimamisha mikono hewani, akautazama ule unga, kisha akamtazama Esteria. Mama Irine alisogea akaacha nafasi ya mtu mzima kati yao.

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa Yohanes, anahema. Brayson alikuwa amempata kwa simu akiwa nje ya hospitali akinunua maziwa, naye Yohanes alikuwa amekimbia hadi wodini.

"Nani kasema mama amekufa? Mama huyu hapa, anakunywa uji!"

Kukasikika kuvutana kidogo, kisha sauti nyingine ikaja simuni, nyembamba kuliko walivyoizoea.

"Kamweneni," alisalimia Bibi Feliciana. "Naambiwa mmekuja kunizika. Aliyenililia ni nani?"

Mzee Faustine akamsogezea Esteria simu. Esteria akaipokea.

"Ni mimi, mama. Sikukulilia wewe. Nilimlilia Mgambo, watu wakadhani ni wewe, nami nikanyamaza. Nisamehe, mama. Nimeona aibu."

Kijiko kiligonga kikombe huko Ikonda.

"Ulilia sana?"

"Sana, mama."

"Mikono kichwani?"

"Ndiyo."

"Na nikifa mimi," aliuliza bibi, taratibu, bila ule ukali wake, "utanililia hivyo?"

Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Neno "ndiyo" lilikuwa fupi na jepesi, na kila mtu pale angelipokea kwa shukrani, hata kama asingeliamini. Esteria alilitafuta mdomoni akaona limekataa kutoka. Asubuhi nzima alikuwa amedanganya kwa kukaa kimya, na hakuwa na nguvu ya kudanganya tena kwa maneno. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Sijui, mama," alisema.

Bibi alivuta pumzi ndefu.

"Basi njoo unione," alisema, "upate cha kulilia."

Simu ikakatika. Esteria alimrudishia mzee simu yake, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Mama Irine. Akamuuliza basi la Makete linaondoka saa ngapi.

"Limeshapita," alijibu Mama Irine, bila kumtazama. "Utalala na aibu yako hapa. Uondoke kesho."