Mahafali ya Mwenzangu wa Chumba

Kazi ya kumwambia yule mzee iliniangukia mimi kwa sababu nilikuwa nimeishi na mwanawe kwa miaka minne, na kwa sababu asubuhi ile hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mwanawe nilikutana naye wiki ya kwanza chuoni, Garissa. Mimi nilitoka Hola, yeye Eldas, huko Wajir. Tulipewa chumba kimoja hosteli. Alikuwa mrefu hata miguu yake ikatokeza nje ya chandarua, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe. Baba yake alifuga ngamia na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Yeye alikuwa wa kwanza katika jamaa yao kufika chuo kikuu.

"Kwa hivyo mimi siruhusiwi kuanguka," aliniambia, na tukacheka sote wawili.

Tulisomea hisabati. Idara yetu ilikuwa kali. Mhadhiri mmoja alikuwa akiingia, anaandika swali ubaoni, kisha anaketi na kunyamaza mpaka mmoja wetu ainuke kulijibu. Siku nyingine saa nzima ilipita hivyo. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Mimi niliokoka kwa kujifungia maktaba. Mwenzangu hakuweza kujifungia popote. Kukiwa na mechi kati ya hosteli, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, akitangaza kwa Kiswahili, Kisomali na Sheng kwa pamoja, hata watu wakaja kumsikiliza yeye na kuusahau mpira. Wiki ya utamaduni aliiendesha yeye. Ndiye aliyenisukuma mimi, mtu wa haya, nikacheze ngoma za kwetu mbele ya chuo kizima. Wanafunzi wapya waliposhuka getini na masanduku yao, mtu wa kwanza kuwajua alikuwa yeye. Nilipougua malaria mwaka wa pili, alinibeba mgongoni hadi zahanati, akakaa nami siku tatu. Siku hizo majaribio mawili yalimpita. Sikumuuliza aliyafidia vipi.

Matokeo ya mwaka huo yalipotoka, alirudi chumbani akaniambia amehamia masomo ya biashara.

"Hizi hesabu zenu zitaniua, wallahi."

Nilimwamini. Tukahama hosteli, tukapanga chumba nje ya geti. Kwa miaka miwili, kila asubuhi alivaa shati safi, akabeba begi la vitabu, tukatembea pamoja hadi maktaba. Hapo tuliachana, kila mtu akashika njia yake. Jioni aliniuliza nimesoma nini, nami nikamweleza kwa kirefu. Nikimuuliza yeye, alisema, "Biashara ni biashara tu," akaanza kisa kingine. Hata karamu ya kutuaga sisi wa mwaka wa nne aliiongoza yeye, akatutaja mmoja mmoja na vituko vyetu, na tulicheka hadi machozi.

Orodha ya mahafali ilibandikwa Jumatatu. Nilipata jina langu, nikaenda kwenye orodha ya biashara nipige picha ya jina lake nimpelekee. Halikuwepo. Nilisoma mara tatu. Nikaingia ofisi ya msajili kulalamika kwa niaba yake, nikiwa na hasira za rafiki. Mama mmoja wa ofisi hiyo alifungua kompyuta, akatazama, akanitazama mimi.

"Huyu hajawahi kusoma biashara," alisema polepole. "Aliondolewa mwisho wa mwaka wa pili. Barua aliichukua mwenyewe."

Nilimkuta chumbani anapiga pasi shati. Nilipomwambia nimetoka ofisini, aliizima pasi, akaisimamisha, akaketi kitandani.

"Nilitaka kumwambia mzee kila likizo," alisema. "Nikifika nyumbani nakuta amewaita majirani. Amechinja. Ananishika mkono ananizungusha kwa watu, huyu ndiye mwanangu wa chuo. Ungemwambia saa ngapi wewe?"

"Na mimi je? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe ungenihurumia."

Alisema wameshaanza safari ya kuja, baba yake na shangazi zake wawili, na watalala Wajir kwa jamaa kabla ya kuendelea. Aliniomba nisimpigie mtu. Yeye mwenyewe atampigia baba yake, kabla ya Ijumaa, siku ya mahafali. Nilikubali. Siku tatu zile tulikula pamoja bila kuligusa neno hilo. Kila nikitaka kumuuliza kama amepiga, uso wake ulinikataza, na mimi niliona ni heshima kunyamaza.

Ijumaa nilipoamka hakuwepo. Nguo zake hazikuwepo. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Niliwakuta getini. Mzee alikuwa amevaa koti jipya juu ya kikoi, kofia nyeupe, bakora mkononi, na shangazi wawili nyuma yake wamebeba kopo la nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kutiwa samli. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ndio rafiki yake! Mimi nakuona kwa bicha ya simu." Alinishika mikono yote miwili. Kisha akalishika joho langu, akalipapasa kitambaa. "Hii mzuri. Kijana yangu iko wabi?"

"Adeer," nilimwita kama mwanawe alivyonifundisha kuwaita wazee wao, "njoo tukae kidogo."

Tuliketi kwenye benchi nyuma ya mahema ya wageni. Nilimwambia yote. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nilitumia maneno mafupi, na maneno mafupi yalikuwa mabaya zaidi. Hakusoma miaka miwili. Chuo kilimtoa. Alikuogopa. Ameondoka, sijui alikoenda.

Mzee hakulia wala hakupandisha sauti. Aliwageukia shangazi, akawaeleza kwa Kisomali, na mmoja wao akajifunika uso kwa shungi lake. Kisha akanigeukia.

"Miaka mbili," alisema. "Kila asubui. Alikuwa anaenda wabi?"

Nilikuwa nimetembea naye kila moja ya asubuhi hizo, na nilijua njia yake hadi maktaba tu.

Nilidhani watageuza gari warudi. Alikataa. Alisema wametoka mbali na mimi nimekula na mwanawe sahani moja. Alikaa kando ya mama yangu, aliyekuwa amefika kutoka Hola, na jina langu liliposomwa alisimama. Nilimwona kutoka jukwaani, amesimama peke yake katika safu nzima, bakora juu.

Wakati wa kuagana aliniambia, "Akibiga simu, mwambie arudi. Kwetu hakuna mtihani."

Mwanawe alipiga baada ya wiki tatu, kwa namba nisiyoijua. Niliposikia sauti yake ikisema "Vipi, msomi?" kwa mzaha ule ule, kitu kilinikatika. Nilimpigia kelele. Nilimwambia yeye ni mwoga, ameniacha niichome roho ya baba yake kwa mikono yangu. Nilikata simu. Ujumbe wa mzee sikumpa. Hasira zilipopoa siku iliyofuata nilipiga ile namba. Ikajibu mtu mwingine, mwenye duka Mandera, akasema yule kijana aliazima simu tu.

Nilimtafuta, lakini si kwa bidii niliyopaswa. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya upili hapa Garissa, na siku zikapita. Kiangazi kilichofuata, mmoja wa wale shangazi alinipigia kunijulisha kwamba mzee amefariki. Walimzika alasiri ile ile. Mwanawe alipata habari siku ya tatu.

Alishuka Garissa kuniona kabla ya kurudi Mandera. Tuliketi katika hoteli karibu na stendi, glasi za shaah, chai ya maziwa, mbele yetu. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza lile swali la baba yake, nikasikia jibu: alikuwa akienda madarasa ya mwaka wa kwanza, anaketi nyuma, na baadaye anawasaidia wale wapya kwa kazi zao za hesabu. "Zile za mwanzo nilizielewa," alisema.

Ndipo nikampa ujumbe. Alinitaka niurudie kama ulivyosemwa, kwa maneno ya mzee mwenyewe. Niliurudia.

"Alisema lini?"

"Siku ile ya mahafali."

Alisukuma glasi yake kando.

"Mimi nilikupigia baadaye," alisema.

"Ndiyo."

"Ningeenda," alisema. "Ningesikia hivyo, ningeenda."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinishika bega alipoinuka, kama alivyokuwa akifanya zamani, akavuka barabara kuelekea kwenye basi. Mimi nilikuwa na kipindi saa nane. Niliwapa wanafunzi mazoezi kutoka kitabuni, nikasimama dirishani nimewapa mgongo, mpaka msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, swali la nne tulifanye vipi?" na sikuweza kumgeukia.