Valère wa Foni Aomba Kimya

Kule Kashikishi, kando ya ziwa linalotenga Zambia na Kongo, karibu na soko la samaki, kila mtu alimjua Valère wa foni. Foni ilikuwa redio ya kusema na kusikia, kubwa kama katoni ya sabuni, inayokula umeme wa betri ya lori na wa kibao cha jua kilichofungwa juu ya bati. Waya wake wa angani ulipita kati ya miti miwili ya mkaratusi, na wanawake wa sokoni walikuwa wamekatazwa mara mia wasianike vitenge hapo. Waliendelea kuanika.

Aliyetaka kuongea na Mununga, Chienge, Kilwa ya Kongo au Lubumbashi aliketi kwenye benchi na kusema shida yake mbele ya watu wote, maana foni haina siri. Valère alibonyeza kitufe, akaita, akaachia, akasikiliza. Alikuwa mtu mkavu wa miaka hamsini na miwili, mwenye maneno ya kuhesabika, jambo la ajabu kwa mtu anayekula kwa maneno ya wenzake. Kazi hiyo aliianza ujanani, kwa mnunuzi mmoja wa samaki upande wa Kongo. Sasa aliifanya kwa ajili yake mwenyewe upande wa Zambia, na jina lake hewani lilikuwa Chisense, kama wale samaki wadogo wanaokaushwa mchangani.

Kazi ya foni ina adabu zake. Mmoja akisema, wengine walio kwenye njia hiyo ya mawimbi hunyamaza. Akimaliza husema “à vous”, yaani sasa zamu yako. Na iliyo kubwa kupita zote: anayeita haachwi bila jibu. Hata kama hukumsikia vizuri, hata kama hakukuita wewe, unamjibu, kwa sababu huenda boti yake imezama au mama yake amefariki. Mtu wa foni anayesikia mwito akakaa kimya huhesabiwa hana malezi, na habari zake huenea ziwa zima kabla ya jua kutua.

Valère alikuwa na jambo lake moja. Saa nne ya asubuhi hakuondoka kitini, hata kwa mazishi. Binti yake Aurélie, mtoto wake wa pekee, alikuwa mwalimu upande wa Moba, huko Kongo, na vita vilipokaribia huko, mwishoni mwa mwaka wa 1998, walisemezana kwa foni mara ya mwisho. “Kama tunapoteana, tafuta foni yoyote,” alimwambia. “Saa ine ya asubuhi, kila siku, njia hii hii. Niko hapa.” Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi saba. Valère hakuizungumzia, lakini saa nne ilipokaribia, wateja waliacha kumsemesha. Aliogopa, na kila mtu alimwona anavyoogopa.

Watu waliokimbia vita walivuka kwa mitumbwi na kwa miguu, wakaandikwa majina pwani, halafu wakapelekwa kwa lori kwenye kambi iliyokuwa mbali na ziwa. Aliyewaandika alikuwa Misozi, karani wa shirika dogo la kanisa, msichana wa mashariki ya Zambia aliyejifunza Kibemba akiwa mkubwa na Kiswahili cha sokoni akiwa mkubwa zaidi. Mwanzoni alimletea Valère karatasi, naye akawasomea watu wa Lusaka majina kwa foni, jina baada ya jina, saa tatu nzima, mpaka koo likakauka. Lusaka wakachoka mapema kuliko yeye. Wakamtumia Misozi kompyuta ya mkononi, kitu kinachokunjwa kama kisanduku cha miwani, chenye vibonye vidogo kama punje za mahindi. Pamoja nayo kilikuja kisanduku cheusi cha kugeuza maandishi kuwa sauti, ili yapite kwenye redio. Kuanzia sasa, walisema, majina yatumwe kwa mashine tu.

Ila waya wa kuunganisha viwili hivyo haukufika. Uliokuja ulikuwa wa kuunganisha kompyuta ya mkononi na kompyuta kubwa ya mezani, na plagi yake ilikuwa imepondwa na mlango wa lori. Misozi alikuja nao Jumatatu, ameushika mikononi kama kifaranga kilichokufa.

“Napapata, bashi Aurélie,” alisema kwa Kibemba, yaani nakusihi, baba Aurélie, kwa kuwa ndivyo Wabemba wanavyomwita mtu mzima, kwa jina la mtoto wake. “Niko na majina mia sita na makumi ine. Lori ya chakula inapakiwa Lusaka Alhamisi mchana. Kama majina haifike, watapakia ya watu ba zamani tu. Hawa bapya watakula nini?”

Valère aliuliza kwanza swali lake. Misozi alikuwa amekwisha kulitafuta jina hilo. Aurélie hakuwemo.

“Leta hiyo waya,” Valère alisema.

Plagi nyingine ya vijiti tisa aliikata kwenye mashine mbovu ya kuchapia ya kompyuta aliyokuwa akiihifadhi chini ya kitanda, pamoja na mabovu mengine ambayo mke wake marehemu hakuwahi kufanikiwa kuyatupa. Aliugusa kila uzi kwa betri na balbu ya tochi mpaka akajua upi unatokea wapi. Halafu akaunga namba kwa namba: ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, ya tano kwa ya tano, kama alivyounga redio maisha yake yote. Kazi ilikuwa safi, risasi ya kuungia imeyeyuka vizuri, gundi imekaa. Jumanne walijaribu, na kisanduku cheusi kikakaa kama jiwe.

Misozi alitaka kulia. Valère alikasirika, lakini kwa mikono, si kwa mdomo: alifungua plagi na kuitazama mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akacheka peke yake.

“Nilifunga kinywa ku kinywa, sikio ku sikio,” alisema. “Bote babili banasema pamoja, hakuna anasikia. Nani alinifundisha kazi, miye?”

Alichofanya ni kuzivusha nyuzi mbili tu: ya pili ya upande mmoja akaiunga na ya tatu ya upande mwingine, na ya tatu kwa ya pili. Jumatano saa nne kasoro dakika tano, zamu yao ya kusikilizwa na Lusaka ikikaribia, Misozi alibonyeza kitufe cha kutuma, na kisanduku kikawasha taa ya kijani na kupiga yowe, kwik-kwik-kwik, kama mlango usiotiwa mafuta. Watu wa kwenye benchi walisimama. Misozi alipiga makofi.

Furaha hiyo haikumaliza dakika. Kwenye redio ikaingia sauti ya Léonie, mfanyabiashara wa samaki wa Mununga, mwanamke mwenye moyo mkubwa na koo kubwa zaidi.

“Allô, allô! Nani anaita? Sauti yako inakuya mubaya sana. Rudia, à vous!”

Mashine ilikatika, ikaanza upya. Kilwa nao wakajibu. Mtu mwingine, wa mbali, akauliza kama boti imezama. Chienge wakamwambia mwitaji asogee karibu na micro, yaani kipaza sauti. Kila kwik ilipotoka, mtu mwenye adabu aliijibu, na kila alipoijibu, majina yalivunjika njiani na mashine ikarudi kwenye jina la kwanza. Saa nne na nusu Lusaka, waliokuwa na ratiba ya kusikiliza kila mji kwa zamu, walifunga masikio yao na kwenda kwa mji mwingine. Yalikuwa yamepita majina kumi na moja.

“Chisense, Chisense,” Léonie aliita kwa huruma, “kuko mutu mu shida pa njia hii. Tumusaidie namna gani? À vous.”

Mtu asiyeijua kazi angesema watu hao ni wajinga. Si kweli. Wangekuwa na malezi mabaya kidogo, majina yote yangefika.

Ilibaki Alhamisi, na zamu ya Kashikishi ilikuwa ileile, saa nne hadi saa nne na nusu. Redio ya Valère haikuwa na njia nyingine inayofika Lusaka. Misozi alijua anachoomba, foni zote zinyamaze saa ileile ya Aurélie, kwa hiyo hakukitamka. Alisimama mlangoni, akiipigapiga kompyuta yake ndogo kwa kidole.

“Dakika ngapi?” Valère aliuliza.

“Kumi na tano. Labda kidogo kupita.”

Valère alipiga hesabu yake. Miezi saba hakuna aliyemwita saa hiyo. Dakika kumi na tano ndani ya miezi saba si kitu, na watu mia sita na arobaini walikuwa wameketi mchangani wakingoja unga. Aliijua hesabu hiyo kuwa sahihi, na bado ilimchoma.

Alhamisi, saa nne kamili, alibonyeza kitufe.

“Batu bote ba foni, hapa Chisense. Ile makelele mulisikia jana haikuwa mutu. Ni mashine, inapeleka majina ya batu ba vita ku Lusaka, bapate chakula. Minaomba dakika kumi na tano. Mutu yeyote asiguse kitufe, hata akiwa na neno kubwa. Miye Valère njo minaomba. À vous.”

Katika miaka yote hakuna aliyewahi kuwaomba watu wa foni wasijibu. Kisha Léonie akakubali, Kilwa wakakubali, na mmoja baada ya mwingine wakaaga kwa heshima, kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Misozi akatuma. Mashine ilipiga kelele zake peke yake juu ya ziwa zima. Kwenye kioo kidogo namba zilipanda: hamsini, mia na ishirini, mia tatu. Valère aliweka mikono yake magotini, mbali na kitufe. Saa nne na dakika kumi na saba taa ilizimika, na Lusaka wakajibu kwa maandishi kwamba wamepokea majina mia sita na arobaini. Misozi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama afanyavyo binti mbele ya mkubwa, akatoka mbio kwenda kuwapa watu habari.

Valère alitangaza kwamba njia imefunguliwa. Wa kwanza kuingia alikuwa Ngosa, mtu wa foni wa Chienge.

“Papa Valère,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. “Kulikuwa mwanamuke hapa. Alifika saa ine, mulikuwa munasema. Alisema eko mutoto yenu, Aurélie. Alivuka juzi. À vous.”

Valère alibonyeza kitufe. “Eko wapi? À vous.”

“Alienda. Alisikia sauti yenu, papa. Alilia sana. Alitaka kushika micro, miye nikamukataza. Nilimuambia, baba yako mwenyewe alisema mutu yeyote asiguse. Akaikala pa benchi. Akangoja, anasikiliza ile mashine. Lori ya kambi ikapiga honi, bakaita jina yake, akapanda. Haikupita dakika mbili tangu aende. Munisamehe. À vous.”

“Alisema nini?”

Alisahau kusema à vous, na Ngosa akangoja kidogo kabla ya kujibu.

“Alisema: muambie papa niko muzima, ninaenda mu kambi pamoja na benzangu. Muambie sauti yake haikubadilika. Njo vile tu. À vous.”

Furaha na uchungu vilimjia Valère kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Mtoto yuko hai, yuko Zambia, safari ya siku mbili kwa lori. Mtoto alikuwa ameisikia sauti yake, naye, aliyekaa miezi saba kwenye kiti kile kwa ajili ya sauti ya mtoto, alikuwa amesikia kwik-kwik.

Alibonyeza kitufe, akamwomba Ngosa arudie maneno ya mwisho. Asubuhi hiyo mawimbi yalikuwa safi, na maneno yalikuwa yamefika yote. Ngosa aliyarudia bila kuuliza kwa nini. Valère akamwomba tena.