Rafiki yangu wa Muscat alitaka nchi ya baridi, akaishia kwa mama yangu Tanga

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimeona na mimi niseme langu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Majina tu nimebadilisha, maana mwenzangu naye huwa anapita humu.

Mimi ni binti wa Tanga. Nafanya kazi Muscat, kwenye mgahawa wa hoteli upande wa Bustan. Nakaa Ruwi na wasichana wenzangu wa kazini, asubuhi basi la hoteli linatupitia.

Muscat sikuichagua. Nafasi ilitokea, nikaja. Sijutii, kazi nzuri na watu wananiheshimu. Lakini ukiulizwa "kwa nini Oman?" na jibu lako ni "ndiko kulikopatikana", kuna kitu kinabaki kinakukwaruza.

Pale reception kuna dada wa Kiomani, nimwite Thuraya. Tuko rika moja. Baba yake alizaliwa Pangani, kwa hiyo kwao Kiswahili ndiyo lugha ya mezani na ya ugomvi. Siku ya kwanza aliponisikia naongea na simu, alikuja akasimama mbele yangu.

"We mtu wa wapi? Mbona waongea kama bibi yangu?"

Urafiki ukaanzia hapo.

Sasa kuna wageni walipita, kijana na mchumba wake. Walikuwa wametoka New Zealand, wamekaa huko mwaka wakichuma matufaa, wakichoka wanahamia mji mwingine. Wakatuambia kuna visa ya vijana ya namna hiyo, inaitwa working holiday. Unafanya kazi, unatembea, muda ukiisha unarudi kwenu.

Tangu siku ile Thuraya hakukaa sawa.

Muda wa chakula tulikuwa tunakaa nyuma ya chumba cha kufulia, kuna kivuli. Mbele yetu milima mikavu ya kahawia, hata jani hakuna. Yeye anafungua simu, ananionyesha picha. Ireland. Japani. Kanada. Alitaka mahali mvua inanyesha asubuhi mpaka jioni na hakuna anayetoka nje kuipiga picha.

"Mie nataka kuvaa koti," alikuwa anasema. "Koti la kweli, si la AC."

Mimi koti sikulitaka. Nilitaka kuchagua tu. Nchi yoyote, mradi niwe nimeinyooshea kidole mwenyewe.

Vijana mnaosoma, hapa mnisikilize. Hiyo visa haitolewi kwa kila mtu, kila nchi inasema inakubali pasipoti za wapi. Tulipekua nchi moja baada ya nyingine, hatukupata hata moja iliyokubali ya Tanzania wala ya Oman. Ulizeni ubalozi wenyewe. Anayekwambia "kuna njia" mwache aipite yeye kwanza.

Tukabadilisha mpango, tukaamua kutafuta mkataba wa hoteli. Tukaangukia Mauritius: kuna kijani, kuna mvua, hoteli tele. Tukaomba wote wawili sehemu moja. Nikajisemea, hii sasa ni yangu.

Ijumaa moja nimealikwa kwao chakula, Thuraya akamwambia baba yake. Mzee mpole, hakupandisha hata sauti.

"Mauritius nna nani mie? Ukiumwa nimpigie nani?"

"Baba, kuna hoteli, kuna watu."

"Watu wako kila pahala. Nakuuliza, nna nani." Akatafuna taratibu. "Ukitaka kufanya kazi nje, nenda Tanga. Tanga nna dada yangu. Hata kesho nenda."

Thuraya akanitazama. Nilitaka kucheka, na chozi nalo lilikuwa karibu. Dunia yote hii, mwenzangu karuhusiwa mji mmoja tu, nao ni ule nilioupa mgongo.

Alinuna wiki nzima, mwisho akakubali. Akapata nafasi kwenye hoteli ndogo ya ufukweni nje kidogo ya mji, wakamshughulikia kibali. Mambo yalipokuwa tayari, yule shangazi wa Tanga akaja Muscat, binti yake wa huku kajifungua na yeye anabaki kumlea. Safari ikataka kuvunjika.

Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nikamwambia mzee, mama yangu yupo Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini, tangu baba afariki anakaa peke yake.

Akataka kuongea naye. Nikapiga, nikampa simu. Wakaongea mpaka chai ikapoa, wakitajiana watu wa Pangani ambao mimi siwajui hata mmoja. Aliponirudishia simu alisema tu, "Keshapata mama."

Thuraya akaondoka. Mimi nikabaki nasubiri jibu la Mauritius.

Zikaanza voice note.

"Shoga, imenyesha tangu alfajiri, na mama yako anasema hii bado. Kanivalisha sweta lake."

Nilikuwa nazisikiliza kwenye basi la kazini, narudia na kurudia. Si kwa alichokuwa anasema yeye. Ni kilichokuwa nyuma yake: mfuniko wa sufuria, kuku wa jirani, mama anamcheka mtu nje.

Nikaanza kuona wivu, nakiri. Mimi nikipiga, mama anauliza afya, kazi, umekula. Thuraya anasimuliwa nani kaachika, nani kagombea uzio. Mtu akiwa mbali wanampunguzia habari, wanaona wanamsaidia.

Hatimaye jibu likaja. Mauritius wamenikubali.

Ijumaa baada ya chakula nikapiga video call niwaambie. Mama yuko jikoni anakuna nazi, simu wameiegemeza mahali. Nipo katikati ya habari yangu, mama akageuka.

"Mwanangu, kung'uto umeweka wapi?"

Nikadhani ananiuliza mimi.

"Nyuma ya mlango, mama," Thuraya akajibu, hata hakufikiri.

"Si linakaa dirishani?" nikasema. Ndiko kung'uto la kuchujia tui lilikokaa tangu napata akili.

"Dirisha tuliliziba," mama akasema. "Zamani hiyo."

Hakuna aliyekuwa na kosa. Lakini nilibaki nalitazama lile jiko kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Nikamaliza habari yangu, mama akanipongeza, akaniombea dua, tukaagana.

Jioni Thuraya akanipigia, yuko uani.

"Mama kafurahi, wallahi. Ila ulipokata kakaa tu, nazi mkononi."

"Kasemaje?"

"Kasema, kumbe bado hajafika anakokwenda."

Siku zile kazini nilikuwa namwaga kahawa, nasahau maagizo ya wateja. Nikaja nikawaandikia Mauritius kwamba sitakuja. Walijibu kwa adabu, nafasi akapewa mwingine.

Wenzangu wa Ruwi wananiona sina akili. Labda. Picha za zile nchi bado naziangalia, na siku nyingine roho inaniuma kabisa. Mkataba wangu wa hapa unaisha mwisho wa mwezi, sijaongeza. Kazi ya Tanga sina uhakika nayo, Thuraya anasema hotelini kwao wanatafuta mtu anayejua kahawa, ila hakuna kilichosainiwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilihangaika sana kutafuta nchi ya kuichagua mwenyewe, na nilipoandika "sitakuja" ndipo nilipojiona nimechagua kwa mara ya kwanza. Simwambii mtu asiende. Nendeni, mkiweza nendeni hata kwenye baridi. Ila kabla hujanyoosha kidole, piga simu nyumbani, nyamaza kidogo, sikiliza kinachosikika nyuma ya anayeongea nawe. Kama huumii, safari njema.

Juzi Thuraya kaniuliza, "Shoga, ukija utalala wapi? Mie nimo chumbani mwako."

Nimemwambia asihamishe kitu, asogee ukutani tu.

Mlio mbali, nawaachia uwanja. Ninyi mlichagua, au ilitokea? Na chumbani mwenu sasa hivi analala nani?