Kipindi cha Mwanamke wa Kofia

Wiki iliyopita, katika kundi la simu la watu niliosoma nao chuo, mmoja aliuliza tamthilia gani nzuri ya kuangalia. Haikupita nusu saa majibu yakajaa: tazama hii, achana na ile, ile nyingine ilianza vizuri halafu ikapoa. Mimi niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena, nikalifuta. Je, wakiiona mbaya? Je, mtu akisema mbona haiko hivyo ulivyoieleza? Mwisho nikailaza simu kifudifudi mezani. Nimemaliza chuo ukubwani, nasubiri ajira, nina muda mwingi wa kufikiri kuliko ninaouhitaji, na nadhani najua hofu hii ilianzia wapi. Ilianzia Kasulu, nikiwa na miaka kumi hivi, sebuleni kwa mwenye duka la vitambaa.

Labda na wewe ulikulia mahali ambapo televisheni ilikuwa moja. Yetu ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na iliendeshwa kwa betri ya gari. Mwenye duka alikuwa mtu wa pwani aliyekuja kufanya biashara akaoa hukuhuku. Alisimamisha antena juu ya mti mrefu nyuma ya nyumba, akaielekeza Burundi, kwa sababu picha za Dar es Salaam hazikutufikia na za Burundi zilivuka mpaka zenyewe. Siku ya mawingu tuliona chenga tu. Tulikaa kwenye mkeka, miguu yetu imejaa vumbi jekundu, na kutoka dukani kulikuja harufu ya khanga mpya ambazo hazijafuliwa. Mke wake alikaanga kaimati, na kila mtoto alipata moja kabla ya picha kutulia.

Betri ilipelekwa kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga mara moja kwa wiki, na ilidumu saa mbili. Baada ya hapo picha ilianza kujikunja pembeni, ikawa ndogo, ikafa. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri, kabla ya kuwasha, kulikuwa na mjadala mkali wa kipi kinastahili betri.

"Taarifa ya habari," mwenye duka alisema kila wiki.

"Habari si umezisikia redioni asubuhi, baba?" mke wake alimjibu. "Unataka kuzisikia tena ili zibadilike?"

Vijana walitaka mpira. Mke wa mwenye duka aliwaambia kuwa kwenye chenga zile wachezaji kumi na wawili au ishirini ni mamoja, waende uwanjani wakawaone walio hai. Kisha alinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nakumbuka kila kipindi huja baada ya kipi. "Haya mshauri wetu, leo tuwashe saa ngapi?" Nilipenda kuitwa hivyo. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kumenya mihogo na kuianika kando ya barabara. Wazazi wangu walikuwa kazini Kigoma mjini, nami niliishi na bibi, ambaye aliiona televisheni kuwa ni kuchungulia madirisha ya watu wasiokualika.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu, binti wa nesi, niliyekaa naye dawati moja. Kambi za wakimbizi zilipofunguliwa upande wa Kibondo, mama yake alihamishiwa huko, wakaondoka na godoro lao juu ya lori. Miezi mingi baadaye bado nilikaa ukingoni mwa dawati, kana kwamba ametoka kidogo tu. Mwalimu aliniambia nisogee katikati. Nilisogea, na akigeuka ubaoni nilirudi pembeni.

Tukaanza kuandikiana. Dereva wa gari la hospitali alipita kwetu kila Alhamisi akielekea Kibondo, na alikubali kubeba barua. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya malalamiko. Yake ilikuwa fupi: huku hatuna televisheni, niambie vya kuangalia na vya kuacha, ili nikija likizo tusipoteze betri.

Nilifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilimwandikia kwamba wapiga ngoma asiwakose, hasa yule anayeruka juu na kuyagonga magoti yake kabla ya kutua. Nilimwambia aache kipindi cha wanaume wanne wanaokaa mezani, maana hakuna anayesimama mpaka mwisho. Lakini zaidi ya vyote nilimsifia kipindi cha mwanamke wa kofia.

Hapa lazima nikueleze jambo. Vipindi vya Kirundi tulivielewa, kwa sababu Kiha chetu na Kirundi ni ndugu wa karibu. Kipindi cha mwanamke wa kofia kilikuwa cha Kifaransa. Hakuna aliyekielewa pale mkekani, hata mwenye duka. Tuliona tu nyumba kubwa, mwanamke aliyevaa kofia hata ndani, msichana aliyelia sana, na bwana aliyekuja na mkoba na kuondoka bila kunywa chai. Mengine nilijaza mwenyewe. Niliamua kwamba mwanamke ni mama wa yule msichana na anamficha ukweli huo, kwamba yule bwana ni mjomba, na kwamba ndani ya mkoba kuna barua iliyowahi kutupwa kisimani. Sikuhisi kwamba nadanganya. Nilihisi kwamba naelewa.

Barua zake zikarefuka. "Huyo mama atamwambia lini mwanawe?" aliuliza. Na siku moja akaandika maneno ambayo nayajua kwa moyo: "Hapa shuleni sina mtu, lakini siku barua yako ikifika wanakuja kukaa na mimi niwasomee." Nilisoma hayo nikiwa nimechuchumaa kando ya mihogo. Kuanzia siku hiyo sikuandika tena kwa raha. Kila Jumapili niliogopa kwamba picha zitakuja kinyume na nilivyoandika, na zilipokuja kinyume nilizipinda mpaka zikafaa.

Likizo ilipofika, alikuja. Alikuwa amerefuka, na amejifunza kunyamaza kabla ya kujibu. Bibi alitupikia maharage ya mawese, akamwambia ale, huko kwa wakimbizi atakuwa amesahau chakula cha nyumbani. Jumapili tulikwenda kwa mwenye duka. Mjadala haukuwa mrefu, mke wake alisema, "Leo mshauri ana mgeni, mgeni ndiye atachagua." Rafiki yangu alichagua mwanamke wa kofia.

Picha siku hiyo ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona, nami nilitamani mawingu. Mwanamke aliongea kwa hasira, msichana akalia.

"Anasema nini?" rafiki yangu aliniuliza.

"Anamwambia hawezi kuolewa mpaka mjomba arudi."

Aliniangalia kidogo, akarudisha macho kwenye televisheni. Kijana mmoja aliuliza tangu lini mimi najua Kifaransa. Rafiki yangu akamjibu bila kugeuka, "Mwache atueleze. Wewe ungetueleza nini?" Watu wakacheka. Nikaendelea kueleza mpaka betri ikaisha, sauti yangu ikizidi kuwa ndogo.

Alhamisi dereva alikuja kumchukua. Tulisimama kando ya barabara, yeye ameshika kikapu cha viazi alichopewa na bibi. Ndipo aliposema, kwa upole tu, "Kule kuna dada mmoja alikuwa akikaa Bujumbura. Kipindi hicho alikiona chote. Anasema yule wa kofia si mama yake, ni tajiri yake tu, yule msichana ni mfanyakazi wa ndani. Na hakuna kisima."

Nikainamia kikapu chake, nikapanga viazi upya.

"Lakini wewe niandikie," akasema. "Niandikie hivyohivyo." Akapanda gari.

Sasa nisikilize, maana hadi leo sijamaliza kuyafikiria maneno hayo. Usiku ule niliyasikia kama kejeli. Kesho yake nikayasikia kama huruma, na huruma ikaniuma zaidi. Nilijiuliza alijua tangu lini. Kama alijua hata kabla ya kuja, na bado aliwasomea wenzake. Kama walimcheka kwa ajili yangu. Nilianza barua nne au tano. Katika moja niliomba radhi, katika nyingine nilijifanya sikumsikia. Zote bibi alizitumia kuwashia moto. Leo, mtu mzima, naona jambo ambalo mtoto yeyote asiyefikiri sana angeliona palepale: alikuwa ananiomba kitu, na kitu chenyewe nilikuwa nacho. Kipande kilichofuata nilikuwa nimeshakitunga, hadi mahali ambapo msichana anafungua mkoba.

Mwenye duka alirudi pwani, na nyumba yake sasa inauza mabati. Kila paa mtaani lina dishi, kila mtu anaangalia chake chumbani mwake, na hakuna anayemuuliza mwenzake tuwashe saa ngapi. Kibondo nimekwenda mara mbili. Nesi alihamishwa tena zamani, na hakuna aliyejua ni wapi.

Lakini kabla ya hayo yote zilikuwapo zile Alhamisi. Dereva alisimama, akatoa mkono dirishani. "Leo hamna barua?" Nikasema bado. Wiki iliyofuata alisimama tena, nikasema bado. Kisha ikawa anapunguza mwendo tu na kuniangalia, nami nikainama, nikajifanya nageuza mihogo iliyokwisha kukauka, mpaka niliposikia gari limebadilisha gia na kuanza kupanda kilima.