Fremu ya chuma niliyomchagulia mama, akaikataa kwa paji la uso

Wakuu, salaam. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe hapa Dodoma.

Wanaonijua wanajua shule niliishia la nne. Leo nina nyumba Miyuji, gari lipo, na mafundi wenye vyeti wananiita bosi. Sijisifu, nasema ukweli.

Mama naishi naye. Tangu mzee afariki, ombi lake ni moja: aende tena kwenye shamba lao la uwele Ihumwa kwa baiskeli, kama mzee alivyokuwa akimbeba. Gari hataki. "Gari ni la hospitali," anasema. Na miguu yake sasa kila siku afadhali ya jana.

Nikaanza project: baiskeli ya umeme, fremu ya zamani. Hizi mpya ukizipakia mtu mzima zinapinda.

Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu, Chang'ombe. Fremu unaigonga kwa spana. Ikilia kama kengele, nzima. Ikilia kama debe, kutu imeshaila kwa ndani.

Nikachagua dume moja refu, mabomba manene.

"Tajiri, hapo umeopoa!" muuzaji akanisifu. Nikakubali, kwani uongo?

Nyumbani nikafunga matairi, siti na keria ya nyuma, nikamwita mama kwa test. Mimi nikakaa mbele, juu kwenye siti; yeye akakaa upande kwenye keria, akainamisha kichwa. Paji la uso likagonga mkanda wangu wa suruali.

"Siyo hii," akasema. "Kwa baba yako nilikuwa nalala hapa." Akanigusa katikati ya mabega.

"Mama, hii ndiyo imara!"

"Imara mpe mwenye magunia."

Nikampima kwa uzi, kutoka keria mpaka paji, nikarudi Chang'ombe. Nikapata fremu fupi, rangi imebabuka, lakini inalia vizuri. Hiyo ndiyo niliyoifunga mota na battery.

Asubuhi ya safari, kwenye kilima cha kwanza nikawasha mota. Akanifinya ubavuni.

"Zima. Kanyaga. Baba yako alikuwa anahema."

Nikazima, wakuu. Na kitambi hiki! Nikahema mpaka Ihumwa, paji lake halikubanduka mgongoni kwangu.

Uwele haupo siku hizi, watu wamejenga. "Mama, tumefika," nikamwambia. Hakuinua kichwa.

"Zunguka tena."

Nilichojifunza: kabla hujagonga chuma, mkalishe kwanza atakayebebwa.

Wewe ulibebwa na nani kwenye keria, na ulikuwa unashika wapi? Karibuni.