Roboti la Kukamulia Shambani kwa Noeline

Tangu aolewe, Noeline Rangiwhetu aliamka kila alfajiri kukamua ng'ombe pamoja na mumewe, Desmond, kwenye shamba lao chini ya mlima Taranaki. Bega la Desmond lilipoanza kumsumbua, akaja muuzaji wa mashine, bwana mmoja mwenye viatu safi mno. Alisema ng'ombe watajipeleka wenyewe kwenye roboti, litawakamua, na maziwa yataongezeka.

"Na chai litatuchemshia?" Noeline aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi bado sana."

Desmond alinunua hata hivyo. Majuma ya kwanza yalikuwa balaa. Ng'ombe waligoma kuingia, simu ikawa inalia ovyo kwa ujumbe wa mashine kwamba mkono wake umekwama, na wote wawili wakashinda wakisukuma ng'ombe, matope hadi magotini.

"Hii ndiyo starehe uliyoniahidi, mzee?" Noeline alifoka.

Desmond alikuwa ameshateleza, yuko chini.

Baridi ilipoisha, ng'ombe walikuwa wamezoea. Walijipanga foleni wenyewe. Muuzaji akaleta majirani waone, akamwomba Noeline aseme neno.

"Maziwa ni yale yale," alisema. Muuzaji akakohoa. "Ila bega la mzee limepona. Jumapili kambeba mjukuu."

"Sasa ninunue au nisinunue?" aliuliza jirani yake, Colleen.

"Wewe bega linakuuma?"

"Haliniumi."

"Basi tulia na hela zako."

Colleen alicheka, akaenda zake. Majirani wengine wawili walinunua.

Kilichomkera Noeline hakukisema siku ile. Aliendelea kuamka mapema na kwenda bandani bila kazi yoyote. Asubuhi moja ng'ombe walimpita wakielekea kwenye mashine, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Alirudi jikoni macho yamelowa.

"Hawana habari na mimi tena," alimwambia Desmond.

"Mimi ninayo. Kaa tule."

Walikula. Hawakuwa na mazoea ya kuzungumza saa zile, kwa hiyo Desmond akafungulia redio.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwenye kiwele kilichopinda, ambaye roboti halikumuweza. Desmond alitaka auzwe. Noeline alikataa katakata, akamtenga kwenye kibanda cha nyuma, na mpaka leo anamkamua kwa mkono.