Harufu ya Dawa ya Robi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijaketi. Nilikuwa nimetoka Matongo, nilikofika kutoka Singida kutafuta dhahabu, na mikono yangu ilikuwa imezoea karai. Mkuu wa Maabara wa hospitali moja mjini Tarime alinipa kichupa cha damu nikichanganye na dawa ya kuzuia isigande. Nikakizungusha kwa nguvu kama naosha mchanga.

"Mura," akasema, yaani kijana kwa Kikurya, akinishika mkono, "hapa hatuoshi dhahabu. Ukizipasua hizo seli umemwaga tunachokitafuta. Pindua taratibu, kama unamgeuza mtoto aliyelala."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, mhudumu wa maabara: kuosha vyombo, kupanga barafu, kuwasha mashine inayozungusha damu mpaka seli nyeupe zijitenge, na kuzifikisha sampuli kwenye basi la Mwanza zikiwa bado zimeganda kwa barafu. Kuna kipindi nilihamishiwa Kenyamonta, chini ya Mganga Mfawidhi aliyeamini kwamba mhudumu hajui kazi mpaka pikipiki imzimikie porini. Yangu ilizima mara nyingi. Niliporudi Tarime ndipo nikamkuta Robi.

Alikuwa binti mdogo kutoka Kemambo, mfupi kuliko umri wake, anayekunywa maji bila kutosheka na kufumba macho akitoka juani. Mkuu wa Maabara alinieleza ugonjwa wake tukinywa chai. Ndani ya kila seli kuna vijumba vinavyoitwa lisosomu, ambamo protini iliyochakaa huvunjwavunjwa. Vipande vinavyobaki ni asidi amino, na hutoka ili vitumike tena. Kwa Robi, asidi amino moja, sistini, ilikosa mlango wa kutokea. Ilirundikana mle mpaka ikawa chembe ngumu kama chumvi, ikaharibu figo na kuumiza macho.

Dawa yake ilikuwepo, ikija kwa msaada kutoka mbali. Iliingia kwenye vile vijumba, ikaikata sistini vipande viwili: kimoja kikatoka kwa mlango wake, kingine kikashikana na dawa yenyewe na kutokea mlango mwingine. Ila ilipaswa kumezwa kila baada ya saa sita bila kuruka, maana ikiisha mwilini mrundikano unaanza upya. Tena ilikuwa na harufu. Ilitoka kwenye pumzi na kwenye jasho, mithili ya yai viza. Shuleni walimwita Dagaa.

Majibu ya sistini kwenye seli zake nyeupe yalirudi mabaya, yakarudi tena mabaya. Daktari wa Watoto alimwita mama yake Robi, mimi nikiwa pale na boksi langu la barafu.

"Mama, dawa hii haimsaidii. Nikiandika hivyo mara nyingine tena, wafadhili wataisitisha na kumpa mtoto mwingine. Na figo zake bila dawa hazitafika mbali."

"Anameza, daktari. Namuamsha mimi mwenyewe."

Mkuu wa Maabara alikuwa amekuja kuchukua damu. Akamwinamia mtoto amfunge mkono, akabaki ameinama.

"Mama Robi, huyu binti ananukia sabuni tupu. Na mafuta ya nazi."

"Nimemwogesha."

"Harufu ya dawa haitoki kwa sabuni. Amemeza lini?"

Mama akalitazama gauni la mtoto, lililopigwa pasi likanyooka. "Juzi," akasema. "Nikija kwenu huwa namwachisha dawa kwanza. Nitamleta kwa wakubwa ananuka hivyo? Mara ya kwanza mwenye bodaboda alitushusha njiani. Hapo kwenye benchi watu wakaziba pua, na mtoto anawaona."

Daktari alivua miwani akaifuta. Kumbe kila tulipopima, tulikuwa tunapima seli ambazo dawa imeshaziacha.

"Sasa sikiliza, dada yangu," Mkuu wa Maabara akasema. "Rudi naye nyumbani, ameze. Wiki ijayo umlete ananuka."

"Anuke?"

"Anuke kabisa. Asiponuka nawarudisha."

Mama akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kanga.

Wiki iliyofuata tuliwatambua kabla hawajaingia. Benchi likaanza kupungua watu. Mkuu wa Maabara akaacha kazi zake, akaenda kuketi bega kwa bega na Robi, akamuuliza habari za ng'ombe wa kwao mpaka zamu yao ikafika. Damu tukaichukua kabla tu ya dozi iliyofuata, kama inavyotakiwa. Nikaipindua taratibu. Majibu yaliporudi, sistini ilikuwa imeshuka sana, na dawa haikusitishwa.

Mimi sikudumu, miguu yangu haijui kutulia. Mkuu wa Maabara alistaafu, nami nikaaga muda mfupi baadaye, nikazunguka Geita, Kahama, hata Chunya. Vijana wanaoanza kazi hii leo wana mashine nzuri kuliko zetu, na nafurahi. Mimi nakumbuka zaidi lile benchi.

Mwaka huu nilirudi Tarime kutembea tu. Nikiwa kwenye foleni ya wakala wa simu, nikasikia harufu ile. Mbele yangu alisimama dada mfupi, amevaa miwani ya jua, mkoba begani. Watu wawili walisogea pembeni.

Mimi nilisogea karibu.